Sanduku la Chanjo na Taabu za Njiani

Wasomaji wetu wengi wamemwona muuguzi akifika kijijini na sanduku la chanjo begani. Twapenda kueleza kazi hiyo, ili watu wapate kujua taabu yake na faida yake.

Taabu ya kwanza ni joto. Chanjo nyingi sharti zikae katika baridi, kati ya digrii 2 na 8, tangu ghalani mpaka mkononi mwa muuguzi. Mahali pa kuendea kwa baiskeli, au kwa miguu na kuvuka mto, hana ila sanduku lake na barafu. Chupa nyingi zina alama ndogo igeukayo rangi kwa joto. Yeye huitazama kwanza, na dawa iliyoharibika huitupa.

Taabu ya pili ni watu kuja mmoja mmoja. Chanjo ya surua ni unga, huchanganywa na maji yake, na mara nyingi chupa moja hutosha watoto 10. Ikisha changanywa, isipotumika katika saa 6 humwagwa. Akija mama mmoja tu, muuguzi humchanja mtoto wake, maana si haki kumrudisha; lakini sehemu 9 hupotea.

Wako wasemao, “Surua hatuioni siku hizi, chanjo ya nini?” Haionekani kwa sababu watoto wamechanjwa. Watu 10 wasio na kinga wakikaa karibu na mgonjwa, 9 huweza kuambukizwa. Basi malipo ya muuguzi ndiyo hayo. Mkulima huyaona mavuno yake. Bali mavuno ya muuguzi ni maziko yasiyokuwapo. Tazameni ndui: mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida aliugua Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kuwa imekwisha duniani. Iliondolewa na wachanjaji waliotembea kijiji kwa kijiji.

Kwa hiyo wakubwa wa vijiji watangaze mapema siku ya chanjo, walimu wawaambie watoto wapeleke habari nyumbani, na wazazi watunze kadi. Katika Tanzania mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Mara ya pili isisahauliwe. Muuguzi peke yake hawezi: kidole kimoja hakivunji chawa.