SOMO: KUITENGENEZA NYUMBA KABLA YA MVUA ZA VULI



Mvua za vuli hunyesha katika visiwa vyetu baina ya mwezi wa Oktoba na Disemba. Kabla yake hupita kipupwe, majira ya baridi na ukavu yanayoanza mwezi wa Juni. Kwa hiyo miezi ya Agosti na Septemba ndiyo nafasi ya mwenye nyumba: kuta zimekwisha kukauka baada ya masika, fundi anaweza kupanda juu bila ya hatari ya utelezi, na jua bado si kali mno kwa kazi ya chokaa. Anayengojea tone la kwanza lianguke juu ya kitanda huwa amekwisha kuchelewa.

Somo hili linahusu hasa nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hata hivyo, mengi yaliyomo yatamfaa pia mkaazi wa ng'ambo na wa shamba, Unguja na Pemba.

1. Jinsi nyumba ya mawe ilivyo

Ukuta wa nyumba ya mawe umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wake mara nyingi hufikia nusu mita au zaidi. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti hizo ndio uliopima upana wa vyumba, na ndiyo sababu vyumba vingi vya zamani ni virefu na vyembamba.

Ukuta wa namna hii huvuta unyevu na kuutoa. Lipu ya chokaa ndiyo ngozi yake. Lipu ikiwa nzima, mvua hulowesha juu juu, na upepo na jua hukausha. Lipu ikibanduka, maji huingia ndani, udongo hulainika na kuondoka kidogo kidogo, na mawe hubaki bila ya kifungo. Vichwa vya boriti vilivyozama ukutani navyo huoza, mahali pasipoonwa na mtu. Ukuta huweza kuonekana mzima kwa miaka, hali ndani yake umekwisha kulegea.

2. Kazi huanzia juu

Adui mkubwa wa nyumba ni maji, na maji hutoka juu. Hakuna faida ya kupaka chokaa ukumbini ikiwa paa linavuja. Kwa hiyo:

(a) Kagua mabati. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na kutu huanza kwenye matundu ya misumari na pale bati mbili zinapopandana.

(b) Safisha mifereji na milizamu. Majani ya mkungu na mwembe, matope na mifuko ya plastiki huziba njia, na maji yaliyokosa njia hushuka ukutani. Maji yanayotuama humo pia huwa mazalio ya mbu.

(c) Ondoa mimea iliyoota ukutani ingali michanga. Mche mdogo hung'olewa kwa mkono. Ule ambao mizizi yake imekwisha kuingia baina ya mawe usivutwe kwa nguvu, kwani utatoka na mawe yake. Ukatwe, kisha aitwe mwashi aufukue taratibu na kuziba palipobaki wazi.

(d) Tazama mabomba ya vyoo na mabafu ya ghorofani. Bomba linalovuja hunyesha mwaka mzima, masika na kiangazi.

3. Chokaa au saruji?

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Walisema kweli, lakini hawakututajia tuuzibe kwa kitu gani, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Saruji ni ngumu kuliko ukuta wa matumbawe, wala haipitishi unyevu kama chokaa. Ukuta wa zamani ukipigwa lipu ya saruji, unyevu uliomo ndani hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya muda lipu hubanduka vipande vipande ikichukua na uso wa mawe. Mwenye nyumba hudhani saruji haikutosha, akaongeza nyingine.

Tumia chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji, fungu 1 kwa mafungu 3 ya mchanga safi. Mchanga wa ufukweni haufai, kwani una chumvi inayovuta unyevu, na kuuchota kunaila pwani yetu. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa, si kwa kuanikwa juani. Ipigwe kwa tabaka nyembamba na kurashiwa maji kwa siku kadhaa. Kazi inayoanza wiki moja kabla ya mvua huoshwa na mvua.

4. Kuutambua ufa wa hatari

Si kila ufa ni wa kuogopwa. Chora kwa penseli mstari mdogo kwenye kila ncha ya ufa na uandike tarehe. Ufa ukivuka mstari, ukuta unatembea. Dalili nyingine ni ukuta kutoa tumbo, mlango uliokuwa ukifungika kukataa kufungika, na udongo kuanguka kutoka darini bila ya kuguswa. Ukiona dalili hizi, usiuzibe ufa ili usionekane. Wahamishe watoto na wazee kutoka chumba hicho, kisha toa taarifa siku hiyo hiyo.

Tusidhani kwamba jengo kubwa huvumilia kuliko nyumba ndogo. Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki dunia.

5. Paa la wengi ni la nani?

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hukaliwa na jamaa kadhaa. Wa juu husema ukuta ni wa wa chini. Wa chini husema paa ni la wa juu. Na wote husema nyumba ni ya Serikali, au ya wakfu, au ya mtu aliye safarini. Maji hayaulizi hati ya nyumba. Paa likivuja, atakayeangukiwa na boriti huenda akawa ni yule wa chini kabisa.

Inafaa wakaazi wa nyumba moja wakutane kabla ya vuli na kugawana yaliyo katika uwezo wao, kama kusafisha mifereji na kung'oa miche. Yaliyowazidi, kama kubadilisha boriti, waiandikie barua moja idara au mwenye nyumba, watie saini wote, na nakala waiweke. Sheha wa shehia naye ajulishwe. Katika Mji Mkongwe, kazi za ujenzi na matengenezo zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Asiondoe mtu ukuta wa ndani, wala asiongeze ghorofa au sakafu ya zege juu ya kuta ambazo hazikujengwa kuibeba.

6. Nyumba za udongo na makuti

Hapa kanuni ni ile ile. Makuti ya viungo yaliyooza yabadilishwe kabla ya mvua, kipenu kitokeze vya kutosha ili maji yasirukie kiambaza, na mchirizi uchimbwe kuzunguka nyumba. Palipobanduka pakandikwe mapema, papate kukauka. Njia za mchwa kwenye nguzo zivunjwe na mti ukaguliwe kwa kuugonga.

Kazi ya msomaji

Wiki hii, zunguka nyumba yako asubuhi moja ukiwa na penseli na karatasi. Andika: maji ya paa langu huanguka wapi? Ukuta upi ni mbichi hata wakati wa kiangazi? Ufa upi umeongezeka? Ni nani anayepaswa kuarifiwa? Mwenye majibu ya maswali haya manne ameipa nyumba yake, na waliomo ndani, nafasi ya kuipita vuli kwa salama.