SOMO LA GARI: Gari Linalochemsha Leo na Kesho Likawa Zima



Katika msimu wa karafuu kila kazi ina saa yake. Karafuu zikisha kukauka majamvini zataka kutiwa magunia na kufikishwa kituoni, na mvua ya Pemba haimngoji mtu. Wengi wetu twategemea pikapu za zamani, ambazo zilikwisha tumika nchi nyingine kabla ya kuletwa kwetu. Gari kama hilo likifa moja kwa moja, taabu yake si kubwa sana: fundi huja, hukiona kilichovunjika, hukibadili. Taabu hasa ni gari lenye homa ya vipindi, leo lachemsha, kesho zima kabisa. Somo letu la safari hii ni juu ya gari la namna hiyo.

Gari letu wenyewe lilitutesa hivyo msimu mzima. Ni pikapu ya dizeli ya mwaka 1994. Jumatatu lilibeba magunia 12 likafika salama. Jumatano, kwa njia ile ile, likachemsha katikati ya mlima, mvuke ukatoka kama wa chungu cha mpunga. Tukalipeleka kwa fundi, likanguruma mbele yake nusu saa bila ya kosa. Fundi wa kwanza akabadili pampu ya maji. Wa pili akatoa thamostati akaitupa. Wa tatu akasema silinda hedi imepinda, tutafute fedha za nyingine. Ugonjwa ukabaki pale pale.

Lakini hasara iliyotuuma zaidi si ya fedha. Siku moja ya mawingu, gari limechemsha njiani na magunia yako wazi, tulimhimiza kijana wetu wa kupakia afungue kifuniko cha rejeta upesi. Akakifungua kwa kitambaa chembamba, maji yakamrukia mkono mpaka kiwiko. Alikaa wiki tatu bila ya kuchuma, na siku za kuchuma ndizo siku za riziki yake. Kosa lilikuwa letu, si lake. Ndipo tulipoacha kubahatisha tukaanza kuchunguza.

JOTO LATOKAJE?

Pampu huyasukuma maji ndani ya injini, yakachukua joto. Thamostati ni mlango: injini ikiwa baridi mlango umefungwa, ikipata moto hufunguka, maji yakapita mpira wa juu kwenda kwenye rejeta. Humo hupozwa na upepo wa mwendo na wa feni, kisha hurudi kwenye pampu kwa mpira wa chini. Kifuniko cha rejeta nacho kina kazi, si cha kuzuia vumbi tu. Kifuniko chenye alama 0.9 huyabana maji hata yasichemke kwenye digrii 100, bali karibu na 118. Mpira wake ukipasuka, maji huchemka mapema ingawa injini haina kosa.

SWALI LA KWANZA: LINI?

Tabibu akijiwa na mwenye homa humwuliza inamshika saa ngapi. Nasi yatupasa kuliuliza gari vivyo hivyo. Wekeni daftari dogo garini, na kila linapochemsha andikeni: saa, mzigo, mlima au tambarare, gia, mwendo, na maji yaliyopungua. Baada ya mara nne au tano daftari litaanza kusema.

1. Likichemsha likisimama au likienda polepole, na likikimbia likapoa, tazameni upepo. Mkanda wa feni umelegea, au kliachi ya feni imechoka. Zimeni injini ikiwa na moto, kisha izungusheni feni kwa mkono. Ikizunguka ovyo bila ya uzito wowote, kliachi imekwisha. Ikiwa feni ni ya umeme, ondoeni kwanza waya wa betri, maana huweza kuwaka yenyewe ikakata vidole.

2. Likichemsha mlimani na kwa mzigo, na likisimama likapoa, tazameni njia ya maji: rejeta iliyoziba, au mpira ulioharibika. Tazameni pia mapezi ya rejeta. Vumbi la barabara, mbegu za majani na wadudu huyaziba. Oshweni kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele.

3. Mshale wa joto ukipanda sana mara baada ya kuwasha asubuhi, kisha ukashuka ghafla na kutulia, shukuni thamostati inayokwama. Itoeni, itieni katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, mwinjike motoni. Ikiwa imeandikwa 82, yapasa kuanza kufunguka karibu na digrii hizo, na kufunguka kabisa zikiongezeka 10 au 15. Isipofunguka, au ikifunguka kwa kukwama, nunueni nyingine.

4. Maji yakipungua kila siku na hamwoni yanapovuja, ogopeni gasketi ya silinda hedi. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungueni kifuniko, washeni, mtazame ndani. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Yakiendelea bila ya kukoma, ni moshi wa silinda unaingia katika maji. Tazameni na oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, msiliendeshe tena.

5. Mshale ukiruka juu na chini kwa kila shimo la barabara, na maji hayakupungua wala mpira haukupata moto mkali, huenda waya wa geji umelegea, na injini ni nzima.

DAFTARI LETU LILISEMA NINI?

Tuliandika mara sita. Mara zote sita gari lilikuwa mlimani, gia ya pili, mzigo umejaa, injini inalia kwa nguvu. Halikuchemsha hata mara moja likiwa tupu, wala kwenye tambarare, wala likisimama. Kwa fundi lilikuwa likisimama! Ndiyo sababu hakuuona ugonjwa.

Basi tukaushika mpira wa chini. Ulikuwa laini kama mua uliotafunwa. Tukaipasha injini moto, mmoja wetu akakanyaga mafuta, na wa pili akatazama kwa mbali, mikono nyuma. Injini ilipokwenda kasi mpira ule ulinywea ukabanana, kwa kuwa pampu ilikuwa ikivuta kwa nguvu na mpira hauna uwezo wa kusimama. Mguu ulipoondolewa, mpira ukajaa tena ukawa kama haukufanya kitu. Mwizi wetu alikuwa huyo.

Tulipoukata tukaona sababu. Ndani mlikuwa na springi ya kuuzuia usinywee, nayo imeliwa na kutu ikabaki vipande. Na kutu ile tuliileta wenyewe. Miaka mingi tulijaza rejeta kwa maji ya kisima cha pwani, ambayo kila mtu ajua yana chumvi. Chumvi hula chuma, na tope lake huziba rejeta. Kwa hiyo tuliisafisha na rejeta, maana rejeta iliyoziba nayo huweza kuufanya mpira unywee. Mpira mpya wenye springi, thamostati mpya, na maji mapya: kazi ikaisha. Silinda hedi haikuwa na kosa lolote.

THAMOSTATI ISITUPWE

Mafundi wengi huitoa thamostati wakisema nchi yetu ni ya joto. Si shauri jema. Injini isiyopata moto wake wa kadiri hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Tena ziko injini ambazo thamostati ikipanda hufunga njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi, maji mengi yakarudi kwenye injini bila ya kupita rejeta, na gari likazidi kuchemsha.

GARI LIKICHEMSHA NJIANI

Simameni pembeni. Mvuke ukitoka, zimeni injini mara moja. Msiguse kifuniko mpaka mweze kuushika mpira wa juu kwa mkono mtupu bila ya kuungua. Hilo huchukua nusu saa au zaidi. Kisha tumieni kitambaa kinene, mfungue kidogo, mngoje, ndipo mfungue chote, uso ukiwa mbali. Msimwage maji baridi katika injini yenye moto, kwani hedi itapasuka. Na mshale ukishuka ghafla huku gari lavuta vibaya, msifurahi. Huenda maji yamekwisha na kipimo kimebaki katika hewa tupu, nayo injini yaungua.

Kila siku kabla ya safari, injini ikiwa baridi, tazameni maji, mkanda na mipira. Tieni maji ya mvua yaliyokingwa safi, pamoja na kulanti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu. Kazi hiyo haizidi dakika 5. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi tulikaribia kuujenga, kwa fedha za karafuu.

Magunia yakirowa tutayaanika tena. Mkono wa mtu ukiungua haurudi ulivyokuwa. Basi kabla ya kununua kitu, andikeni. Na kabla ya kufungua kifuniko, ngojeni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gari lachemsha mjini penye foleni, na barabara kuu lapoa. Utaanza kutazama nini?
2. Kwa nini fundi hakuuona ugonjwa wa gari letu?
3. Mapovu yanayoendelea ndani ya rejeta yaonyesha nini?
4. Maji ya kisima cha pwani yana madhara gani mawili?
5. Utajuaje kwamba sasa ni salama kukifungua kifuniko?