SOMO LA UTAWALA WA SHERIA: MIPAKA YA MADARAKA YA SERIKALI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanakumbushwa kwamba Katiba huwafunga watawala kama inavyowafunga watawaliwa. Shauri lililoamuliwa Arusha, chini ya Mlima Meru, ladhihirisha jambo hilo.

Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, wakulima wengi walihamishwa na mashamba yao kugawiwa wengine. Baba mmoja na mwanawe, wakazi wa Karatu, walidai shamba lao la kimila, na katika shauri walilolifungua mwaka 1987, Mahakama ya Hakimu Mkazi, Arusha, ikawapa ushindi. Mwaka 1992 Bunge lilitunga Sheria Na. 22, iliyofuta haki za namna hiyo, ikazuia fidia na kuzinyima mahakama uwezo wa kusikiliza madai hayo.

Wawili hao walifungua shauri Mahakama Kuu, Arusha, wakashinda. Serikali ikakata rufani. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba: haiondolewi bila fidia ya haki, wala mwenyewe hafungiwi mlango wa mahakama. Vifungu vilivyokiuka hayo vilibatilishwa. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliipa haki ya kimila hadhi sawa na haki iliyotolewa na Serikali.

Hivyo, mtumishi aagizwapo kutwaa mali hana budi kujiuliza kwanza: ni sheria ipi impayo uwezo huo? Fidia imeandaliwa? Mwenye mali amejulishwa haki yake ya kwenda mahakamani?