Kusitiri Si Kuficha Dhuluma



Somo letu la mara hii ni juu ya jambo ambalo watu wa miji yetu hulinong'ona barazani na jikoni, kisha hunyamaza akipita mwenye kunong'onwa. Nalo ni hili: mtu mwenye heshima mjini, aitwaye mzee, au ustadhi, au mfadhili, akimdhulumu aliye dhaifu, hasa mtoto, huwaje akabaki na heshima yake kamili? Na mtoto akitoweka katika nyumba ya mtu kama huyo, huwaje watu wakauliza siku tatu, kisha wasiulize tena?

Mfano wetu tutauweka Voi, katika nchi ya Taita Taveta. Hatumkusudii mtu yeyote aliyeko huko, wala hatusemi kwamba watu wa huko wana ila kuliko watu wa Mombasa au wa Lamu. Twaichagua Voi kwa sababu ya mahali pake. Mji ni mdogo, watu wajuana. Lakini njia zake ni kubwa: reli ya zamani yapita hapo tangu mwisho wa karne ya 19, tawi la kwenda Taveta lilijengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na reli mpya ina kituo hapo tangu 2017. Barabara ya Mombasa na Nairobi yapita hapo, na nyingine yashika magharibi hadi mpaka wa Tanzania. Pande zote ni pori la Tsavo, lililofanywa mbuga ya wanyama mwaka 1948, nalo limetwaa zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti. Kwa hesabu ya 2019 kaunti nzima ilikuwa na watu 340,671. Basi mtoto atokaye nyumbani baada ya isha, kabla ya adhuhuri aweza kuwa Nairobi, au Mombasa, au ng'ambo ya mpaka. Na aliyemfukuza kwa matendo yake aweza kuwa amesimama safu ya kwanza, akipokea pole za watu.

Sasa tazameni jinsi mambo yaendavyo. Tuseme ni mtu wa makamo, mwenye duka. Yeye ndiye aliyetoa mabati ya chuo, ndiye ashikaye fedha za mazishi, na chifu akiitisha baraza humketisha karibu naye. Nyumbani kwake yuko binti wa miaka kumi na miwili, aliyeletwa kutoka shamba ili asomeshwe. Asubuhi hufua na kupika kabla ya kwenda skuli. Siku moja binti huyo amwambia shangazi yake neno ambalo mtoto hawezi kulibuni. Shangazi afanye nini? Chumba anachokaa ni cha mtu huyo huyo. Karo ya wanawe wawili hulipwa na mkono ule ule. Aenda kwa mzee wa mtaa, na mzee amsikiliza kwa upole, kisha amwambia, "Mwanangu, jambo hili ni aibu kwetu sote, tulimalize nyumbani." Pesa zatolewa, fatiha yasomwa, na binti arudi jikoni kule kule. Miezi michache baadaye hayupo. Mwenye nyumba awaambia watu, "Ametoroka. Alikuwa na tabia."

Neno hilo "ametoroka" hufanya kazi mbili kwa pamoja. Lamwondolea mtu lawama, na lampaka mtoto tope, hata akionekana kesho na kusema, hatasadikiwa. Wala si mwenye nyumba peke yake alitumiaye. Majirani walirudia, na siku ya kuandikwa kituoni, ikiwa aliandikwa, huandikwa hivyo hivyo. Hapana aulizaye swali lililo jepesi kuliko yote: alitoroka nini?

Wenye kunyamaza wana hoja zao, na kwa kuwa hoja hizo huvikwa nguo ya dini, yatupasa tuzitazame moja moja.

Hoja ya kwanza ni sitara. Husema: dini yatuamrisha kumsitiri Mwislamu mwenzetu. Ni kweli, nasi twaisomesha amri hiyo. Lakini wanavyuoni waliisomesha pamoja na mipaka yake. Sitara ni ya mtu aliyeteleza katika dhambi iliyo baina yake na Mola wake, akaona haya, akarejea. Ama mtu ambaye dhambi yake ina mwenye kuumia, na mwenye kuumia yu hai, na kesho atakuwapo mwingine, huyo hakusitiriwa, amesaidiwa. Mwizi akiingia nyumba ya jirani, je, twazima taa ili asionekane?

Hoja ya pili ni kusengenya. Imam Nawawi, ambaye kitabu chake cha Riyadhus-Salihin chasomwa katika misikiti yetu, ametaja sababu sita ambazo kwazo huruhusiwa kumtaja mtu kwa ubaya wake. Miongoni mwazo ni aliyedhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Na kuna dalili kubwa zaidi ya hiyo, ambayo kila aliyekaa mbele ya sheikh akasoma elimu ya Hadithi aijua. Hao maimamu waliokusanya Hadithi waliandika vitabu vizima vya kuwapima wapokezi: fulani ni mkweli, fulani husahau, fulani ni mwongo. Waliandika hayo juu ya watu wenye kufunga na kusali usiku, wenye ndevu nyeupe na wanafunzi wengi. Hawakusema "tumsitiri, ni mcha Mungu." Waliona kwamba kulinda maneno ya Mtume (S.A.W.) ni bora kuliko kulinda jina la mzee mmoja. Je, mwili wa mtoto haustahili japo sehemu ya uangalifu ule?

Hoja ya tatu ndiyo yenye kutukera zaidi: "Wako wapi mashahidi wanne?" Mashahidi wanne wamewekwa katika adhabu ya zinaa, nao waliwekwa ili wanawake wema wasitupiwe maneno. Kuchukua ngao ya mwanamke na kumpa aliyemnajisi mtoto ni kuigeuza sheria miguu juu. Aliyeshikwa kwa nguvu hana zinaa. Katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi imepokewa habari ya mwanamke aliyevamiwa njiani akienda kusali, akapiga kelele, malalamiko yake yalipelekwa kwa Mtume (S.A.W.), naye hakuulizwa mashahidi wanne, bali aliambiwa aende zake, Mungu amemsamehe. Kadhi ana dalili za hali, ana maneno ya tabibu, na ana mlango mpana wa taazir.

Na ikiwa mtu bado ana shaka kuhusu nafasi ya mwenye cheo, na akumbuke habari ya mwanamke wa kabila la Makhzum aliyeiba. Jamaa zake walikuwa wakubwa, wakamtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume, amwombee. Mtume alikasirika, akasimama akawaeleza watu kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mtukufu akiiba na kumwadhibu mnyonge. Na akaapa kwamba hata angekuwa binti yake mwenyewe, hukumu ni hiyo hiyo. Twaisoma habari hii kila mwaka, watu hulia, kisha wakitoka nje huunda ujumbe wa wazee watatu kwenda kumwombea mtu wao kituoni.

Sheria ya nchi nayo haikuacha nafasi kwa sulhu ya namna hii. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa mwenye kumnajisi mtoto wa miaka kumi na mmoja au chini yake, kisichopungua miaka 20 kwa mtoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, na kisichopungua miaka 15 kwa wa kumi na sita hadi kumi na minane. Kesi ya namna hiyo haiwezi kufutwa na chifu, wala na mzee, wala na baba wa mtoto aliyekwisha pokea pesa. Na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, yaruhusu katika makosa haya mtu ahukumiwe kwa maneno ya mtoto peke yake, mradi hakimu aandike sababu za kuridhika kwamba mtoto asema kweli. Polisi nao wana deni. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilihukumu kwamba polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao inavyostahili. Atakayeambiwa kituoni "rudini mkapatane" na aitaje hukumu hiyo.

Walimu wa skuli wana amri ya Tume ya Kuajiri Walimu ya 2010 inayowalazimu kutoa habari ndani ya saa 24, na anayeficha naye ana kosa. Na mwalimu aliyefutwa jina lake hutangazwa. Sisi wenye vyuo tuna nini? Mwalimu akitakwa aondoke kimya kimya Voi, ataanza upya Taveta, na akitakwa aondoke Taveta ataanza upya Lunga Lunga, na kila kamati mpya itafurahia sauti yake nzuri ya kusoma. Wakatoliki wa Boston waliyaona hayo mwaka 2002, ilipofichuka kwamba mapadri waliojulikana kwa maovu walihamishwa kutoka parokia hadi parokia. Twaziomba kamati za vyuo, kabla ya kumpokea mwalimu, ziandike barua kule alikotoka na zingoje jawabu. Ni karatasi moja tu.

Hatuwezi kusema haya bila kutaja Shakahola, kwani ni jirani yetu. Kati ya Voi na msitu ule ni pori la Tsavo Mashariki na nyika. Wako Waislamu waliosema, "Hayo ni ya makanisa." Wallahi hayo si ya makanisa peke yake. Paul Mackenzie alikuwa mhubiri mwenye wafuasi Malindi. Alikamatwa 2017, akakamatwa 2019, na Machi 2023, baada ya habari za vifo vya watoto wawili, alikamatwa tena akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa, na maiti zikapita 400. Dawati la Msalaba Mwekundu liliandikisha watu zaidi ya 600 waliokuwa wakitafutwa na jamaa zao. Februari 2024 yeye na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191. Zingatieni hili: watu hao hawakupotea bila ya kuulizwa. Mama aliuliza, kaka aliuliza, na majirani walisema. Lililokosekana ni mtu wa kuyaamini maneno ya maskini juu ya mtu mwenye mimbari.

Nasi watu wa pwani twajua uchungu wa kuuliza bila kujibiwa. Aprili 2012 mhubiri Samir Khan alitwaliwa Mombasa pamoja na mwenzake asiyeona, na watu waliojiita polisi, polisi walikana. Siku chache baadaye maiti ya Khan ilikutwa katika pori la Tsavo. Mwenzake hakuonekana. Tuliandamana, tulihutubu, tulidai tuelezwe, na ilikuwa haki yetu kudai. Lakini mwenye kuidai haki kwa sauti kuu mbele ya serikali, kisha akainyima kwa kunong'ona mbele ya binti wa jikoni, adai nini hasa?

Basi afanye nini aliyeambiwa neno na mtoto? Asimhoji mara kumi, wala asimwoshe. Nguo na zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Mtoto apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72, kwani dawa za kuzuia maambukizi hazifai baada ya hapo. Fomu ya P3 huchukuliwa kituoni, na daktari huijaza. Asiyeweza kwenda kituoni kwa kuogopa macho ya watu na apige simu nambari 116, ya watoto, bila malipo.

Na aliyepotelewa na mtu asingoje hata saa moja. Yale yasemwayo kwamba ni lazima zipite saa 24 si sheria. Aende yeye mwenyewe, jamaa wa damu, wala asimwachie mwenye nyumba aliyotoka mtoto akaeleze peke yake. Kwani maelezo ya kwanza ndiyo hubaki. Achukue nambari ya kitabu cha matukio, aiandike mahali isipopotea.

Nambari hiyo ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Fiqhi yetu ina mlango wa aliyepotea, mafqud. Umar bin Khattab alihukumu kwamba mke wa mtu aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda. Imam Shafii katika kauli yake ya mwisho aliona angoje mpaka ipatikane yakini ya kifo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya yadhania kifo baada ya miaka saba bila habari kwa wale ambao ingetarajiwa wapate habari zake. Kwa kauli yoyote ishikwayo, lazima ijulikane hesabu yaanza siku gani. Wako wanawake wasioolewa wala wasioachwa, na watoto wasiorithi wala wasiorithiwa, kwa sababu siku ile hapana aliyekwenda kuandikisha. Mzee mwenye heshima alisema jambo lisitangazwe. Mlango huu wa mafqud, pamoja na urithi wake, tutausoma katika darasa lijalo, inshallah; na mwenye swali la hali yake mwenyewe atuletee kwa maandishi, bila ya jina akipenda.