SOMO: Tuwaulize wazee wangali hai



Wengi wetu tuliacha vijiji vyetu kwa sababu ya vita. Leo tujifunze kwa Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes namna ya kulinda kumbukumbu.

Kabla ya vita ya pili ya dunia, Wayahudi wengi wa Rhodes walikuja Congo kutafuta maisha, hasa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Waliobaki kisiwani walikamatwa na Wajerumani mwezi wa 7 mwaka 1944. Zaidi ya watu 1.600 walipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji. Waliopona walikuwa kama 150 tu.

Mmoja wao ni Sami Modiano. Mwaka 1938, akiwa na miaka 8, alifukuzwa shuleni kwa sababu tu ni Myahudi. Kambini alipoteza baba yake na dada yake Lucia. Baada ya vita alikuja Congo, akafanya kazi miaka mingi. Maumivu yake aliyaweka moyoni. Mwaka 2005, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alirudi Auschwitz pamoja na wanafunzi wa Roma. Tangu hapo alianza kuwasimulia vijana mashuleni.

Wayahudi wana desturi nyingine ya zamani. Usiku wa Pasaka mtoto mdogo anauliza maswali mezani, na wakubwa wanamwelezea namna mababu walivyotoka Misri.

Na sisi tufanye nini?

1. Mzee aombwe, asilazimishwe. Akilia, mngojeni.
2. Andikeni majina ya watu, vijiji, mito na mashamba. Msiandike vita tu; andikeni pia harusi, nyimbo na mavuno.
3. Kumbukumbu isiwe mbegu ya kisasi. Tajeni aliyetenda ubaya, msihukumu kabila zima.
4. Msisahau waliosaidia. Kule Rhodes, Mwislamu Selahattin Ülkümen, konsuli wa Uturuki, aliokoa Wayahudi zaidi ya 40.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

– Nani kati yetu anajua majina ya mababu na ya vilima vya kwetu?
– Mtoto wako amekwisha kukuuliza mlitoka wapi? Ulimjibu nini?
– Ni jirani gani wa kabila lingine aliyewaficha au kuwapa chakula?

Viongozi, anzeni juma hili na mzee mmoja, mtoto mmoja na daftari moja.