Kutoka B+ Hadi A Katika Kiswahili

Makala haya si ya yule anayetafuta kupita tu. Nataka kusema na yule ambaye kila muhula anapata B+ ya Kiswahili, anapigiwa makofi paredini, halafu haendi mbele. Huyo huachwa peke yake, maana kila mtu aona hana shida.

Tuanze na hesabu. Katika K.C.S.E. B+ ni pointi 10 na A ni 12. Masomo saba hujumlishwa, jumla kubwa kabisa ikiwa 84. Mwenye pointi 73 ana B+, mwenye 74 ana A-. Waona basi! Pointi moja ya somo moja yaweza kubadilisha cheti kizima na kozi ya chuo kikuu. Tena tangu mtihani wa 2023, Hisabati na lugha moja ndizo za lazima katika jumla hiyo, kisha huongezwa masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Lugha hiyo yaweza kuwa Kiswahili.

Sasa alama hupotelea wapi? Sisi watu wa Kwale twaringa kwamba Kiswahili ni chetu. Ni kweli, kuna Kivumba kule Vanga na Wasini, kuna Chifundi kule Shimoni. Lakini kinachotahiniwa ni Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928. (Ajabu ni kuwa watu walikutana Mombasa, na Kimvita kikaachwa!) Ukisema "nshafika" au "ntakuja" sokoni Ukunda utaeleweka vizuri sana. Ukiandika hivyo katika insha ya kawaida, kalamu nyekundu inakungoja.

Lakini mtu wa B+ hayo ameshayaacha. Yanayommaliza ni madogo zaidi. Anaandika "mtu ambaye aliyekuja", na sahihi ni "ambaye alikuja" au "aliyekuja". Anaandika "ningelisoma ningepita", akichanganya nge na ngeli. Anaunganisha "kwasababu" ilhali ni maneno mawili. Katika ufahamu makosa ya sarufi na tahajia hukatwa nusu nusu alama, kwa hivyo mtu ajua jibu na bado hapati zote.

Dawa ninayoiamini ni daftari la makosa. Karatasi ikirudishwa, usitazame gredi kwanza. Andika kila alama iliyopotea na sababu yake: sikujua, nilijua nikaandika vibaya, au sikusoma swali. Utashangaa jinsi ile ya kwanza ilivyo na vichache. Ndiyo maana kurudia kusoma kitabu kizima hakumsaidii sana mtu huyu, hasa sisi wa kutwa ambao jioni ni fupi.

Halafu saa. Karatasi ya kwanza ina insha mbili, kila moja alama 20, kwa saa moja na dakika 45. Ukitumia dakika 70 kwa ile uipendayo, umeiibia ya pili. Karatasi ya tatu ya fasihi ina maswali manne ya kujibu kwa saa mbili na nusu, yaani kama dakika 37 kila moja. Hapo wengi husimulia hadithi nzima. Swali likitaka sifa za mhusika, taja sifa, toa tukio moja linaloithibitisha, kisha uende kwenye sifa nyingine.