Kazi ya Mzee Mgonjwa

Swali: Mzee asiyeweza tena kushika jembe, je, kazi yake imekwisha?
Jibu: La, haikukwisha, imegeuka tu.

Mwezi wa Agosti 1985 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifika Lubumbashi, safari fupi kutoka Kinsevere. Alikuwa bado na nguvu, ingawa alipigwa risasi mwaka 1981. Mwaka 1994 alianguka, akavunjika mfupa wa paja. Tangu hapo alishika fimbo. Ugonjwa wa Parkinson nao ukaitetemesha mikono yake, ukauzuia ulimi. Hata hivyo mwaka 2004, mwenye miaka 84, alikwenda Lourdes, nchi ya Ufaransa, kusali pamoja na wagonjwa, naye mgonjwa kama wao. Tarehe 30 Machi 2005, siku tatu kabla ya kufa kwake, alitokea dirishani. Sauti haikutoka; akabariki kwa mkono.

Basi mkatekumeni asimwache babu yake kando ya moto kama chungu kilichopasuka. Dawa anywe, kwa maana kudharau dawa si imani. Padre akija kumpaka mafuta matakatifu, jamaa wasianze kulia: mafuta hayo si ya wanaokata roho tu, humtia nguvu mkristu yeyote aliye katika ugonjwa mzito au udhaifu wa uzee. Naye mzee, hata akiwa haoni vema, akae mlangoni jioni, awasikilize wajukuu wakikariri katekisimu, awasahihishe wanapokosea.